Kufuli la Kija

Mota ilikuwa kimya, na kimya hicho ndicho kilichomtia Hellen woga.

Pampu ile ya kiwanda cha samaki, ukingoni mwa ziwa upande wa Kirumba, iliendeshwa na draivu, sanduku linalopandisha na kushusha kasi ya mota bila kumuuliza mtu. Ukibonyeza kitufe chekundu inasimama, lakini haijazimika. Maji yakipungua kwenye tangi kule juu ya mwamba, inaamka yenyewe. Kwa hiyo asubuhi ile Hellen hakukiamini kitufe. Alishusha swichi kuu, akangoja taa ya draivu izimike kabisa, maana umeme hubaki humo tumboni hata ukishakatwa. Kisha kaka yake, Kija, akaifunga swichi kwa kufuli.

Ndiyo sheria yao: anayeingia kwenye hatari ndiye anayefunga, na ufunguo anaondoka nao. Kija aliuvaa shingoni kwa kamba yake ya kitambaa chekundu, akatundika shati msumarini, akabeba mtungi wa hewa.

"Magugu yameziba mdomo wa bomba huko chini ziwani," alisema. "Nikitoka nakuletea ufunguo mwenyewe. Usibanduke hapo, mdogo wangu."

"Sibanduki."

"Na Jumatatu nawaambia wakaguzi yote niliyoyaona huko chini, uchafu wote tunaoutapisha ziwani. Hata bosi nimeshamwambia."

"Kaka, kibarua kitaota nyasi!"

Kija akacheka, akaenda zake.

Kufuli lilinunuliwa likiwa na funguo mbili, zenye kamba zinazofanana. Ule wa pili bosi Nestory aliurusha ziwani siku ya semina ya usalama, mbele ya wafanyakazi wote, na Hellen alipiga makofi mpaka viganja vikamuuma.

Sasa alikaa kwenye kiti cha plastiki, mgongo kwenye swichi. Kutoka kibanda kile cha pampu ziwa halionekani, linasikika tu likipiga mawe. Nje malori yalipiga honi. Kija ndiye aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki, na kila aliposhuka majini Hellen alisali kimoyomoyo mpaka atoke.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa bosi Nestory, jasho likimtoka, bila lile koti lake la kila siku.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba. Washa, Hellen. Samaki wanaharibika."

"Kija je?"

"Katoka. Baridi imemtandika, nimempa koti langu akanywe uji kwa Mama Sabina." Akanyoosha mkono. "Huu hapa."

Ulikuwa ufunguo, na kamba yake nyekundu.

"Alisema ataleta mwenyewe."

"Meno yanagongana, hata kuongea hawezi. Ulitaka nimbebe mgongoni?"

Hellen akalitazama shati msumarini, kisha mabega ya bosi yasiyo na koti. Moyo ukamtua. Akauingiza ufunguo, kufuli likafunguka bila ubishi. Alifuata taratibu zote kama alivyofundishwa: akapandisha swichi, akangoja skrini iwake, akaweka kasi ya chini kwanza. Akabonyeza kitufe cha kijani.

Mota ikaguna, ikaanza kupanda polepole. Ilipofika katikati ikasita, ikalalamika kidogo, kisha ikaendelea.

"Mabaki ya magugu," alisema bosi, akatoka upesi.

Hellen aliuchomoa ufunguo ili autundike msumarini, juu ya shati, kaka yake akirudi aukute. Kidole gumba kikapita kwenye ile kamba ya kitambaa.

Ilikuwa kavu.