Njia Aliyowachagulia Wageni

Mastula aliikataa njia ya kwanza, akaikataa na ya pili. Yule mama Mjerumani, aliyejifunza Kiswahili vitabuni, alibaki ameshika kalamu juu ya ramani, chai inapoa.

Gari lao lilikuwa nyumba nzima: vitanda, jiko, choo, na watoto wawili wakichungulia dirishani. Lilivuka mpaka wa Busia asubuhi ile, likaegeshwa mbele ya kibanda cha Mastula. Walitaka kulipandisha mlimani mpaka maporomoko ya Sipi. Mastula aliwatazama wale watoto. Gari refu hivyo, mlima ule, na mvua za mwezi huu.

Akampigia mwanawe Swabur, anayeteremsha viazi kwa lori kutoka Kapchorwa kila wiki. Siku hiyo pia alikuwa huko huko juu.

"Ile ya udongo hapana, mama," Swabur alisema. "Ikinyesha, inameza gari. Wapite Tororo, Mbale, wapande na lami. Lakini wewe, sasa unaogopea mpaka wazungu?"

"Na wao wamezaa," Mastula akamjibu.

Akamweleza mgeni yote aliyodhani mgeni hayajui. Gia ndogo tangu chini. Kila kona, honi. Mvua ikianza, asimame penye watu. Akikuta jiwe limeachwa barabarani asilikwepe tu akaenda zake. Ashuke aliondoe, maana anayekuja naye ni mtoto wa mtu. Kisha akamwapisha apige simu wakifika.

Saa nane aliyepiga ni Swabur. Lori lilikuwa limemharibikia kwenye mteremko, chini kidogo ya kona kali. Mastula akakaa chini pale pale. Mwanawe akamcheka, akamwambia atulie. Amekata matawi, ameyatandaza barabarani juu ya kona, ili wanaoteremka wajue kuna gari limekwama. Hakuna dereva asiyejua maana yake. Anaingia uvunguni kutengeneza, nusu saa tu. Wageni wake hawajapita bado. Akiwaona atawasalimia.

Mastula alizima jiko. Wateja wakauliza chai, akasema imekwisha, na birika limejaa. Akakaa anaangalia upande wa Tororo, kana kwamba kutoka pale mtu angeuona mlima.

Saa tisa na nusu simu ikalia. Alikuwa yule mama, sauti imejaa furaha. Wamefika. Njia ilikuwa nzuri, watoto hawakutapika hata mara moja, na mume wake anasema hatasahau wema huu. Mastula akasema alhamdulillah, mara mbili, akauliza kama wamemwona kijana wake.

"Tumemwona," mgeni akasema. "Alikuwa amelala chini ya lori lake. Alitoa mkono, watoto wakampungia. Halafu tulipopita ile kona, tukakuta mtu ametupa matawi mengi katikati ya barabara. Tulishuka sote, tukayaondoa, hatukuacha hata moja. Lori la kwanza lililoteremka lilipita mbio kabisa, likatupigia honi ya asante."