Laleni Chini

Lugano aliacha jeshi akaingia polisi, na siku yake ya kwanza alitumwa sokoni kuamua ugomvi wa wauza nyanya wawili. Kabla hajafungua mdomo, tairi la lori likapasuka nyuma yake.

"Laleni chini!" alifoka.

Soko zima likalala vumbini, wauzaji kwa wanunuzi. Yeye mwenyewe alijikuta amepiga goti, mkono ukitafuta bunduki ambayo hakuwa nayo.

Hakuna adui aliyetokea. Dereva alikuwa ameinama akilikagua tairi lake.

"Afande," akauliza bibi mmoja aliyelalia mchicha wake, "tumekosa nini?"

Vitani hakuna aliyewahi kumuuliza Lugano swali hilo.

"Basi tuinuke, baba?" bibi akauliza tena.

Lugano akamnyooshea mkono. Bibi akabaki anautazama, asithubutu kuushika.