Mlenda wa Bamia

Bi Raya alidhani amesikia vibaya. "Hebu rudia, mwanangu."

"Gegedu inayozuia mifupa ya goti isisagane imelika, mama," daktari akasema. "Bamia haiwezi kuirudisha. Na kukaa kutwa kumekulegeza misuli. Dawa yako kubwa ni kutembea."

Kutembea! Mwaka mzima Salha, mke wa mwanawe, alimlisha mlenda wa bamia ili kulainisha goti, akamkataza hata kuinuka kuchota maji ya kunawa. Mtaa mzima ulimsifu.

"Nilikuwa nakuhurumia, mama," Salha akanong'ona kando yake.

Bi Raya akashika ukingo wa kiti, akasimama. Goti likalia kama changarawe. Salha akanyoosha mikono amdake.

"Niache!"

Akapiga hatua, kisha nyingine. Nyuma yake mikono ya Salha ilibaki hewani, haijui ishike nini.