Kitufe cha Baadaye

Siku hizi marehemu hubaki nyumbani, ndani ya kompyuta. Kila saa kumi jioni sauti ya baba ilibisha hodi sebuleni kwa mama, naye aliitikia, "Karibu," wakaongea mpaka chai ikapoa.

Kompyuta ilipowekewa programu mpya ya ulinzi, ilitaka izimwe na kuwashwa upya. Miezi mitatu mama alibonyeza "Baadaye". Nilipomtembelea niliona ni uzembe tu, nikaiwasha upya bila kumuuliza.

Saa kumi baba alibisha hodi. Kompyuta ikamkatiza: "Sauti isiyojulikana imefutwa."

"Mama, sikujua."

"Mimi nilijua, Rukia," alisema, akinimiminia chai kwenye kikombe cha baba.

Kesho yake, saa kumi, mama alisema, "Karibu." Kompyuta ikamjibu kwa upole kwamba hakuna aliyebisha.