Kupakatwa na Mama Mkwe

Siku hizi naenda kazini kwa gari langu, lakini kila asubuhi nalikumbuka lile basi la mbao la kwenda Apia, mji mkuu wetu hapa Samoa.

Kwetu basi likijaa, abiria hupakatana. Siku ile nafasi pekee iliyobaki ilikuwa mapajani mwa mama mkwe wangu, na tulikuwa na miezi saba hatusemezani, tangu mimi na mwanawe tuhame kwake.

Kiwandani msimamizi alikuwa ameshaniambia nikichelewa tena nisirudi. Basi jingine lingepita baada ya saa nzima. Nikasimama mlangoni, nimeshika chuma.

"Dada, unapanda au unatuaga?" dereva akafoka. Abiria wakacheka.

Mama mkwe akajipiga paja. "Sieni, kaa hapa. Au unaogopa nitakuuma?"

Nikakaa. Alinukia mafuta ya nazi, yaleyale aliyonipaka nywele siku ya harusi. Basi liliporuka shimo, akanizungushia mkono tumboni nisianguke.

Mkono ukatulia pale. Vidole vyake vikapapasa polepole kiuno cha sare yangu, pale kifungo kilipogoma kufunga tangu Jumatatu.

"Miezi mingapi?" akaninong'oneza.

"Minne, mama."

Alinikumbatia kwa mikono yote miwili, kisha akampigia dereva kelele: "Wewe! Endesha taratibu, umebeba mjukuu wangu!"

Basi zima likashangilia. Dereva akapunguza mwendo, tukaanza kujikokota. Niliitazama saa yangu, nikaifunika kwa kiganja.