Maji ya Kijani Bunju

Jaffar alifungua bomba la msikiti ili atawadhe, na maji yakamtiririkia mikononi yakiwa ya kijani.

Alivitazama vidole, akavisugua. Havikutakata.

"Nani katia rangi kwenye kisima changu?" Kisima hicho, ambacho ndicho kinacholeta maji msikitini, alikichimbisha yeye, kama sadaka kwa watu wa Bunju.

"Kisimani hapana," nilimwambia nikiwa nje, kwenye ngazi. "Nimeimwaga asubuhi kwenye lile shimo nyuma ya kiwanda chako."

Humo ndimo anamomwaga maji machafu ya kusindikia ngozi tangu serikali ilipomuuzia kiwanda. Mie ni mjiolojia, na mwamba huu wa chokaa nimeuchunguza hadi nikaota mvi. Chini kwa chini umejaa mapango, na maji hupita humo mbio bila kuchujwa na chochote. Nimemweleza ofisini, nimemweleza barazani kwake, na jibu ni lile lile: "Mama, jiwe linachuja. Usinitishie watu."

"Rangi yangu haidhuru," nilisema. "Haya, waeleze hawa wanaotawadha kama na maji yako ya ngozi hayadhuru."

Jaffar alilifunga bomba. Nyuma yake, wanaume waliokuwa wakisukutua walitema maji yote, wakamgeukia.