Unga wa Mlonge

Mkono wa mama yake ulivunjikia mikononi mwa Teodora, alipokuwa akimwinua tu kutoka kwenye kigoda. Ulitoa mlio wa kijiti kikavu.

Hospitalini, daktari aliinua picha ya eksirei kwenye mwanga wa dirisha. Mifupa ilikuwa imefifia kama utando wa buibui.

"Mama, unatumia dawa gani?"

"Vidonge vya pumu, prednisoloni. Kila siku, mwaka wa nne huu."

"Hivyo vikizidi hula mifupa. Hukutumia chochote cha kuikinga?"

"Nilikuwa natia unga wa mlonge kwenye uji. Mtafiti mmoja alipita mtaani kwetu Kiseke, akasema wanachunguza kama majani yake yanakinga mifupa ya sisi wa vidonge. Baadaye nikaacha."

Teodora aliinamisha kichwa. Mama hakuacha kwa hiari yake. Ni yeye aliyeumwaga unga ule uani, kopo zima, huku akisema, "Mwenye duka la dawa ni mimi, mama, si huyo mchuma majani."

"Unga huo ungemsaidia, daktari?" aliuliza.

"Hilo bado hatulijui." Daktari alifungua faili. "Na vidonge, humu sioni cheti cha daktari hata kimoja. Nani alikuuzia miaka yote hiyo?"

Mama alitazama ukuta. "Siku hizi maduka ya dawa yamejaa kila kona, mwanangu. Simkumbuki muuzaji."

Daktari alimgeukia Teodora. "Na wewe ni nani yake?"

Mkono wa mama usiovunjika ulimfinya goti, anyamaze.

"Mimi ndiye muuzaji," alisema Teodora.